Asilimia 92 ya Pwani na Asilimia 92 ya Mlimani

Mtoto mwenye umri wa siku moja akipimwa oksijeni katika mji wa pwani na kifaa kikaonyesha asilimia 92, mkunga makini hamruhusu mama kuondoka. Atarudia kipimo, na namba ikigoma kupanda, atamwita daktari. Lakini Lhasa, mji mkuu wa Tibet ulio kiasi cha mita 3,650 juu ya usawa wa bahari, mtoto mwenye asilimia hiyohiyo anaweza kuwa mzima kabisa, ananyonya na kulala bila shida.

Kifaa chenyewe, kipima oksijeni au oksimita, kina asili ya ajabu kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, alikuwa akitafuta njia ya kupima kiasi cha damu inayosukumwa na moyo bila kumchoma mgonjwa sindano kila mara. Mapigo ya mshipa yakawa yanamvurugia vipimo. Alipojaribu kuyafuta aligundua kwamba mvurugo ule ndio wenye habari: damu inayodunda ni damu ya ateri, na rangi yake hufuata oksijeni iliyobeba. Kwa hiyo taa mbili, moja nyekundu na nyingine ya infraredi isiyoonekana kwa macho, humulika kidole au unyayo, na kifaa hukokotoa ni sehemu gani ya himoglobini imebeba oksijeni.

Kwa mtoto mchanga namba hiyo ina historia fupi yenye misukosuko. Tumboni mapafu yamejaa majimaji, oksijeni yote inatoka kwenye kondo la nyuma, na asilimia 60 hivi inamtosha. Akishazaliwa, hata mwenye afya huhitaji kama dakika kumi kufikia asilimia 85 hadi 95. Wakati huohuo kuna mshipa mdogo unaounganisha ateri ya mapafu na ateri kuu ya mwili, ambao tumboni ulimsaidia kuyaruka mapafu, na sasa unatakiwa kujifunga. Baadhi ya watoto wenye kasoro kubwa za moyo huishi kwa hisani ya mshipa huo. Wanatoka wodini wakionekana wazima; siku chache baadaye unaziba, nao wanarudishwa wakiwa hoi.

Ndiyo maana Marekani ilipendekeza mwaka 2011 kila mtoto apimwe baada ya saa 24, mkono wa kulia na mguu mmoja. Mkono wa kulia hupata damu kabla ya makutano ya mshipa ule, mguu hupata baada yake, hivyo tofauti kati ya viungo hivyo ni dalili. Asilimia 95 na zaidi, tofauti isizidi 3, mtoto amefaulu. Chini ya 90, uchunguzi wa moyo unaanza mara moja.

Tatizo ni kwamba mstari wa 95 ulichorwa na watu wa mabondeni. Hewa ya mlimani ina asilimia 21 ya oksijeni kama ya Tanga au Lamu; kinachopungua ni kanieneo ya hewa. La Paz, Bolivia, kanieneo hiyo ni karibu theluthi mbili tu ya ile ya pwani, na oksijeni inayosukumwa kuingia kwenye damu hupungua pamoja nayo. Zaidi ya hapo, oksijeni ndiyo huhimiza ule mshipa ujifunge na mishipa ya mapafu ilegee. Ikiwa haba, mambo hayo mawili huchelewa, na mtoto mzima anaanza kufanana kwenye kioo cha kifaa na mtoto mwenye moyo mbovu.

Ukiushikilia mstari ule, watoto wengi wazima watasafirishwa mbali kupigwa picha ya moyo bure. Ukiushusha, mgonjwa anaweza kupita. Jimbo la Colorado, Marekani, lilipotunga sheria ya kipimo hiki, hospitali zilizo juu ya futi 7,000, yaani mita 2,100 na kitu, hazikulazimishwa. Ni uamuzi unaoeleweka, ingawa unawaacha watoto wa vilele bila kinga waliyopewa wenzao wa chini.

Na kipimo cha siku ya kwanza hakimalizi habari. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulifuatilia Lhasa watoto 15 wa Kitibeti na 15 wa Kihan, kabila kubwa la China, wote waliozaliwa hapohapo. Walipozaliwa tofauti ilikuwa ndogo: wastani wa 94 kwa 92. Miezi minne baadaye, wakiwa katika usingizi mtulivu, Watibeti walikuwa na 86, Wahan 76. Vizazi vingi vya kuishi juu vimewapa Watibeti miili inayomudu hewa ile. Mwaka 1988 madaktari walikuwa wameshaeleza ugonjwa unaoua watoto wachanga mjini humo, wengi wao Wahan waliopelekwa kutoka mabondeni: mishipa ya mapafu inakaza, upande wa kulia wa moyo unavimba na kushindwa.

Kwa watoto wagonjwa, Shirika la Afya Duniani huelekeza oksijeni itolewe chini ya asilimia 90, lakini juu ya mita 2,500 linakubali kikomo cha 87. Nairobi na Eldoret, kwa mwinuko wao, bado zinahesabiwa chini ya mpaka huo.