Mluzi wa Turbo Katika Milima ya Muyinga na Gitega

Mtu aketiye kando ya barabara ipandayo kutoka forodha ya Kobero kuelekea mji wa Muyinga, saa ambapo malori yaliyopakia shehena katika bandari ya Dar es Salaam yanaanza kuikabili milima ya Burundi, husikia juu ya ngurumo ya dizeli sauti nyingine nyembamba, mfano wa mluzi, ambayo hupanda kila dereva akanyagapo mafuta na kuzimika mara abadilipo gia. Watoto wa njiani huuigiza mluzi huo kwa midomo yao, wala hawajui kwamba chombo kiupigacho, kwa umbo dogo zaidi na kwa mwendo mkali zaidi, ndicho kilichoipa Toyota Celica ushindi wa mashindano ya magari ya Safari Rally mara 8 baina ya mwaka 1984 na 1995, na kwamba wahandisi wa kampuni hiyohiyo walikirudia tena mwaka 2024, walipoisanifu upya gari yao ndogo ya michezo iitwayo GR Yaris.

Sisi wakazi wa nyanda za juu tuna sababu ya kukifahamu chombo hiki kuliko watu wa pwani. Gitega iko mita 1,504 juu ya usawa wa bahari, na Muyinga imeipita Gitega kwa kimo. Na kadiri nchi inavyoinuka ndivyo hewa inavyopungua uzito, hata ikawa hewa ya Gitega ina mgandamizo wa takriban asilimia 84 tu ya ule wa Mombasa au Dar es Salaam. Injini ya kawaida, ambayo huvuta pumzi kwa nguvu ya pistoni zake peke yake, ikiondoka pwani na nguvu za farasi 120, itafika Gitega imebakiwa na kama 100, ilhali mizigo na abiria hawakupungua hata ratili moja, na kilima kingali mbele. Turbo huirudishia injini pumzi iliyoibiwa na mlima: moshi wa moto utokao katika silinda, badala ya kupotea bure, huzungusha gurudumu dogo lenye mapezi, na gurudumu hilo, kwa shafti moja, huzungusha jingine la upande wa pili ambalo huvuta hewa safi, huishindilia, na kuisukuma ndani ya injini ili ichome mafuta mengi zaidi.

Maarifa haya ni ya zamani. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alijipatia hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905. Na mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak katika jimbo la Colorado, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, akathibitisha hukohuko mlimani kwamba injini iliyokuwa imedhoofika kwa uhaba wa hewa yaweza kurudishiwa nguvu zake zote kwa turbo. Kwa hiyo chombo hiki kilipata ithibati yake mlimani, miaka mingi kabla vijana wa mjini hawajakifanya kuwa pambo la magari ya mbio.

Walakini hewa ikishindiliwa hupata moto, na hewa ya moto hutanuka ikapoteza ile faida iliyotafutwa. Tena yaweza kuyawasha mafuta kabla ya wakati wake, na pistoni ikatoboka. Hapa ndipo ilipo siri ya maendeleo ya gari la turbo, na mimi naamini kwamba asiyelifahamu jambo hili hawezi kufahamu lolote katika historia yake. Itazame Celica GT-Four. Ile ya kwanza, ya mwaka 1986, ilikuwa na injini ya lita 2 na nguvu za farasi 185 kwa wanunuzi wa Japani. Iliyoifuata mwaka 1989 ikafikia 225. Na ya tatu, mwaka 1994, ikafika 255. Ujazo wa injini ni uleule, na silinda ni zilezile 4. Kilichobadilika hasa ni turbo yenyewe, na namna ya kuipoza hewa yake kwa kile ambacho mafundi wetu hukiita intakula, yaani kipoza hewa kilichowekwa kati ya turbo na injini. Na katika toleo la mwisho hewa hiyo ilipozwa kwa maji yaliyokuwa na rejeta yake peke yake.

Skuli ya magari haya ilikuwa Afrika Mashariki. Mswidi Björn Waldegård alishinda Safari ya mwaka 1984 na ya 1986 kwa Celica iliyokuwa ikiendeshwa na magurudumu ya nyuma tu, na baina ya hizo, mwaka 1985, Mfini Juha Kankkunen akashinda kwa gari la namna hiyohiyo. Baadaye zikaja za magurudumu manne. Mwaka 1993 Toyota ikatwaa nafasi zote 4 za mwanzo, na mwaka uliofuata Mkenya Ian Duncan akawatangulia wageni wote katika nchi yake mwenyewe. Vumbi, matope, mito iliyofurika na jua la adhuhuri viliiuliza kila sehemu ya gari swali ambalo karakana ya Ulaya isingeweza kuliuliza, na sehemu iliyoshindwa kujibu ilirudishwa kwa wahandisi ikasanifiwa upya.

Si kila maarifa yalitumiwa kwa haki. Wakuu wa mashindano, walipoona nguvu zimezidi usalama, waliamuru kila turbo ivute hewa kupitia pete yenye tundu la milimita 34, isizidi hapo. Mwaka 1995, katika rally ya Catalunya nchini Hispania, ikagunduliwa kwamba pete ya Celica ilikuwa imebuniwa kwa ustadi wa ajabu, hata ilipofungwa mahali pake ilisogea kama milimita 5 na kuipitishia turbo hewa ya magendo kwa pembeni, na ilipofunguliwa kwa ukaguzi ikajirudi kama haikutenda neno. Toyota ikafungiwa mashindano kwa miezi 12. Adhabu ile ilistahiki. Lakini kisa chenyewe kinaonesha thamani ya hewa, kwamba watu wenye elimu kubwa walihatarisha jina lao kwa ajili ya ufa wa milimita 5.

Sasa tuje kwa GR Yaris. Ilipotoka mwaka 2020 ilikuwa na injini ya lita 1.6, silinda 3 tu, na nguvu za farasi 272 kwa soko la Japani. Na Januari 2024 ikatangazwa iliyosanifiwa upya, yenye 304. Magazeti mengi yalishika tarakimu hizo mbili yakasahau mengine, na hiyo ni taksiri. Mtu atazame kilichofanywa ili zile nguvu 32 za ziada zibebeke bila madhara: valvu za kutolea moshi zilitengenezwa kwa madini yanayostahimili zaidi, pistoni zikapunguzwa uzito, mafuta yakanyunyizwa kwa mgandamizo mkubwa zaidi, na kwa atakaye ikawekwa rejeta ya ziada pamoja na kinyunyizio cha maji juu ya intakula. Nukta za kuunganisha bodi kwa moto ziliongezwa kwa asilimia 13, na pale shokomzoba inapofungwa kwenye bodi, palipokuwa na bolti 1 pakawa na 3. Bolti mbili za ziada hazimvutii mpita njia, lakini ndizo zinazonivutia mimi, kwa maana zinaonesha kwamba aliyeongeza nguvu alikumbuka kuzibeba.

Nilikumbuka habari hizo siku moja hapa Gitega, nilipomkuta fundi ameinamia injini ya basi dogo la dizeli lililotoka Muyinga kwa njia ya Karuzi, likitoa moshi wa buluu. Alifungua mpira wa hewa, akaingiza vidole viwili, akaishika nati ya katikati ya lile gurudumu na kulitikisa. “Mzee, sikiliza mwenyewe,” akaniambia. Na kweli nilisikia shafti ikigonga huku na huku, ilhali katika turbo nzima mchezo wake ni mdogo sana. Kingo za mapezi zilikuwa zimeliwa kama panga lililokata mawe, kwa kuwa chujio la hewa lilichanika na vumbi jekundu likawa linaingia bila kizuizi. Akachovya kitambaa cheupe katika oili, kikatoka cheusi kama lami, na alipokisugua kwa dole gumba nikaona chembe za kaa. Dereva alikiri kwamba ilikuwa desturi yake kuizima injini papo hapo afikapo kituoni. Basi shafti ile, inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ilikuwa ikiachwa inazunguka bila oili, na oili iliyobaki ndani ya beringi ikiungua kwa joto hadi ikawa masizi.

Basi lile halikuwa na la kujigamba nalo mbele ya gari la michezo, lakini maradhi yake ni yaleyale ambayo wahandisi wa Celica na wa Yaris walipigana nayo: vumbi, joto, na oili. Wako vijana katika gereji za Bujumbura, na sasa hata huku juu, ambao humwendea fundi wakitaka turbo ifungwe izidi kusukuma, na fundi akiwauliza habari za intakula na rejeta humwona kuwa anawapotezea wakati. Nawasihi wamsikilize. Nawe msomaji mwenye gari la turbo, liwe la mbio au la mizigo, ufikapo Gitega baada ya kilima cha mwisho iache injini ingurume polepole dakika 1 au 2 kabla ya kuizima, na mwambie fundi alitoe chujio la hewa ulitazame kwa macho yako.