MTUMBWI UNAZALIWA SAKAFUNI



Wengi wetu tumekwisha kupanda mtumbwi ku ziwa Edward, kama si Kyavinyonge basi upande wa Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwani. Tunaketi, tunashika ubao kwa mikono miwili, tunaomba upepo usiamke. Lakini nani kati yetu amejiuliza hata siku moja: huu mtumbwi ulipata wapi umbo lake? Kwa nini mmoja unakwenda sawa, na mwingine unavuta upande wa kushoto mpaka mpiga kasia anachoka mbele ya kufika kwenye nyavu? Sisi wa mwaka wa mwisho tulijiuliza, na hapa tunaeleza yale tuliyopata.

VIPIMO VITATU HAVITOSHI

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya sita, Noa anapewa vipimo vya safina: mikono 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu. Safina haikuwa na safari ya kushindana. Kazi yake ilikuwa kuelea. Lakini fundi wa mtumbwi ukimpa urefu, upana na kimo peke yake, atakutengenezea sanduku. Mtumbwi umepinda kila mahali, na ile mipindo ndiyo inayokata maji na kuzuia mtu asipinduke.

Kuna njia mbili za kupata mipindo hiyo. Ya kwanza ni ya jicho. Mafundi wa majahazi wa Lamu wanajulikana kwa kujenga bila mchoro. Hata mzee fundi tuliyemtembelea kando ya ziwa hana karatasi. Ana kijiti chenye mikato, na kila mkato ni kipimo cha mahali fulani. Njia ya pili ni ya mchoro na kalibu, ile mafundi wa mbao wa kwetu wanaita gabari. Katika mji wa Peterborough, Kanada, tangu karne ya 19 watu walitengeneza mitumbwi ya vipande vyembamba vya mwerezi juu ya kalibu. Njia hii mwanafunzi anaiweza, juu inataka hesabu na uvumilivu kuliko nguvu.

KUKATA MKATE

Tuseme mtumbwi una metre 4,80. Uukate kwa mawazo kila santimetre 30, kama vile mama anavyokata mkate. Unapata mikato 15 kati ya ncha na ncha. Ikiwa mbele na nyuma ni sawa, mkato wa 1 ni ndugu ya wa 15, wa 2 ndugu ya wa 14, na wa 8 unabaki peke yake katikati. Kwa hiyo maumbo ya kuchora ni 8 tu. Tena kushoto na kulia ni sawa, basi kila umbo unalichora nusu.

Mchoro wa kitabu ni mdogo, na unakuja na jedwali la namba: kwa kila mkato, upana ni ngapi kwa kimo fulani. Kazi ya kwanza ni kuchora mtumbwi mzima kwa ukubwa wake wa kweli. Kwa nini kujisumbua hivyo? Ukichora mara kumi ndogo na kreyo yako ikakosea nusu milimetre, kosa lile linakuwa milimetre 5 juu ya mbao. Sakafuni kosa linabaki vile lilivyo, na jicho linaliona.

Jumamosi moja tuliomba ruhusa, tukasogeza madawati, tukapiga mstari wa katikati kwa uzi uliopakwa chaki. Tulitia alama za jedwali moja moja. Nyuma tukapindisha fito nyembamba, nyoofu, isiyo na fundo, ipite kwenye alama zote, tukaishikilia kwa matofali. Ikawa nzuri mpaka mkato wa 5. Pale ikatoa nundu.

Tulisoma namba zetu: mkato wa 4, santimetre 27, wa 5, 37, wa 6, 36. Mmoja wetu akakaza: imeandikwa 37, basi ni 37! Tulibishana karibu saa nzima. Halafu tukatazama mkato wa 5 vile unavyoonekana ukisimama mbele ya mtumbwi. Kumbe na huko shavu lilikuwa limevimba, kwa kimo kile kile. Mashahidi wawili walipatana. Tulirudi ku kitabu: 32. Ni mkono wetu wenyewe ulioandika 2 ikafanana na 7.

Hapo tulijifunza kanuni. Kama fito inakataa alama kwa milimetre mbili tatu, fuata fito na usahihishe jedwali. Kama inakataa kwa santimetre nzima, usiilazimishe: rudi mwanzo, tafuta uongo uliingia wapi.

KALIBU

Ukimaliza sakafu, unahamisha kila nusu umbo juu ya kartoni, unalikata, unaligeuza kushoto na kulia juu ya triplekisi. Usisahau kuandika mstari wa katikati na mstari wa maji kwenye kila kalibu, juu bila hiyo hutajua kuisimamisha.

Sisi tulikata kartoni tatu kwa furaha nyingi. Mwalimu wetu akatazama, akauliza neno moja tu: «Na unene wa ubao mmeuweka wapi?» Tukanyamaza. Mchoro ule ulionyesha ngozi ya nje ya mtumbwi, na kalibu inakaa ndani. Ubao ukiwa na milimetre 6, lazima kupunguza 6 kila upande, yaani 12 katika upana mzima. Kartoni tatu zikaenda bule. Heri kartoni kuliko mbao!

Kalibu zinasimamishwa juu ya kitanda cha mbao kilichonyooka, kila santimetre 30, mtumbwi ukiwa umepinduliwa, na uzi ukipita katikati. Unene wa kila kalibu uelekee katikati ya mtumbwi. Sababu ni hii: mtumbwi unapungua kwenda kwenye ncha, na kalibu ikielekezwa huko, ukingo wake utasukuma ubao nje. Pitisha tena ile fito juu ya kalibu zote. Ikilala bila nundu wala shimo, ndipo unaanza kupanga vipande na kuvishika kwa kole. Mwishoni kalibu zinatolewa, na zinaweza kuzaa mtumbwi wa pili, wa tatu, sawa na wa kwanza.

MZEE NA KIJITI CHAKE

Hatusemi jicho la mzee halifai. Mtumbwi wake unakwenda vizuri kuliko kartoni zetu. Lakini tulimwuliza nani anajua maana ya mikato ya kijiti chake. Akacheka, akagonga kichwa chake kwa kidole.

Mwaka 1950, pale Ishango, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye mikato mingi, wa miaka ipatayo 20.000. Leo unatunzwa Bruxelles, na wataalamu wangali wanabishana juu ya maana yake. Mfupa umebaki, lakini aliyeukata hayupo tena kuulizwa.

Mzee wetu yupo. Malori ya mbao yanapita hapa Kasindi kwenda Mpondwe, tunayatazama tu. Likizo ijayo tutarudi kwake na metre, buku na kreyo, tumwombe ruhusa ya kupima mtumbwi wake kila santimetre 30. Mwenye babu ama mjomba mvuvi afanye vile vile, na atuletee namba. Ila aandike 2 yake vizuri.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho