Neno "Mzee" na Urithi wa Uskoti Kanisani

Mkazi wa Levolosi, jijini Arusha, akisema kwamba jirani yake ni mzee wa kanisa, wengi watadhani amejieleza vya kutosha. Rai yangu ni kwamba bado hajajieleza.

Kuzunguka Mlima Meru, Uprotestanti ulioenea zaidi ni wa Kilutheri. Humo mzee wa kanisa humsaidia mchungaji kuutunza usharika, na dayosisi huongozwa na askofu. Lakini barabara ya Namanga hutufikisha Kenya, penye urithi mwingine. Wamisionari wa Kiskoti walianza kazi Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Mwaka 1956 likaundwa Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, ambalo lina waumini hata Tanzania. Katika mapokeo hayo, yaliyotokana na Matengenezo ya Uskoti ya mwaka 1560, hakuna askofu. Mzee huwekwa wakfu, huketi barazani pamoja na wachungaji, na kura yake ni sawa na yao. Jina lenyewe, Presbiteri, latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mzee.

Hivyo Kiswahili kina neno moja kwa vyeo viwili. Wafasiri hawakukosea, kwani "mzee" tayari lilibeba umri, heshima na haki ya kuamua shauri. Hata hivyo, mtunga kamusi hana budi kuuliza neno hilo limetamkwa katika kanisa gani, maana tofauti iliyofichika humo ni ya mamlaka.