Kitoweo cha Nyama kwa Moto wa Polepole

Askari atokaye lindo usiku wa manane, au polisi amalizaye doria alfajiri, hana tena nguvu ya kukaa mbele ya jiko akingoja nyama ngumu iive. Wengi huichemsha kwa moto mkali, huitafuna ikiwa kama mpira, kisha humlaumu mchinjaji. Mara nyingi lawama hiyo haimstahili.

Nyama ya muundi, shingo na kidari hutoka katika viungo ambavyo ng'ombe huvitumikisha kila siku. Kwa sababu hiyo, imefungamana na ukano mwingi uitwao kolajeni. Ukano huo hulainika na kugeuka jelatini ukipata joto la digrii 70 za Sentigredi au zaidi kwa muda wa saa kadhaa. Moto mkali huikaza nyama na kuikamua maji yake kabla ukano haujalegea. Hivyo nyama ya bei nafuu ndiyo ifaayo kwa mapishi haya, ilhali sarara, iliyo laini na ghali, hukauka bure.

Kwa kazi hiyo kipo chungu cha umeme cha kupikia polepole. Mvumbuzi wake, Irving Naxon wa Marekani, alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1940, nacho kikaenea majumbani baada ya kuuzwa kwa jina la Crock-Pot kuanzia mwaka 1971.

Chukua kilo 1 ya nyama, uikate vipande, uikaange kidogo hadi ipate rangi ya kahawia. Tandaza viazi na karoti chini ya chungu, kwa maana huko ndiko karibu na joto, navyo huchelewa kuiva kuliko nyama. Weka nyama juu yake, kisha vitunguu, nyanya, chumvi na vikombe 2 vya maji. Usizidishe maji, kwani mvuke hautoki. Funika, uweke moto mdogo kwa saa 8, nawe uende zamu yako. Usifunue ovyo, maana kila ufunuapo joto hupotea na muda huongezeka.

Pasipo umeme, sanduku lililoshindiliwa majani makavu hutosha. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, jeshi la Uingereza lilitumia masanduku ya namna hiyo kuwapelekea askari wa mahandaki chakula cha moto. Chemsha kitoweo kitokote dakika 20, funika sufuria barabara, uizike katika majani hayo kwa saa 5 au 6, kisha ukichemshe tena kabla ya kula.

Hapa hapana budi kutoa tahadhari. Adui wa chungu cha kambi ni uvuguvugu. Kati ya digrii 5 na 60, vijidudu huzaliana upesi, na baadhi yao huwa na mbegu zisizokufa hata chakula kikichemka. Sufuria kubwa ikiachwa ipoe yenyewe usiku kucha, mbegu hizo huamka, na kesho yake kikosi kizima chaweza kulazwa kwa kuharisha pasipo risasi hata moja kulia. Kwa hiyo, nyama iliyoganda iyeyushwe kwanza. Kitoweo kilichobaki kigawanywe katika vyombo vifupi, kipozwe upesi na kuhifadhiwa penye baridi kabla saa 2 hazijapita, na kichemshwe sawasawa kabla ya kuliwa. Maharage mekundu nayo yaloanishwe, maji yake yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya kabla ya kuingizwa katika chungu cha polepole. Sumu yake ya asili haiishi kwa joto dogo.

Ndugu askari, mpishi wa kikosi ni mlinzi kama mlinzi wa lango. Chakula na kiwe moto hasa au baridi hasa; katikati ya hayo mawili asimwache adui apite.