Kufunza Kiingereza ng'ambo bila shahada: Anza na kibali, si kozi

Matangazo ya kazi ya kufunza Kiingereza katika mataifa ya ng'ambo yamejaa katika simu za vijana wengi humu nchini. Huahidi mshahara wa dola, nyumba ya bure na tiketi ya ndege, na mengi husisitiza kuwa shahada ya chuo kikuu haihitajiki. Eti kozi fupi ya mtandaoni yatosha. Kwa aliyemaliza kidato cha nne akakosa karo ya chuo, au mwalimu mwenye cheti cha P1 ambaye amesubiri kuajiriwa na serikali kwa miaka na mikaka, maneno hayo ni matamu kama asali.

Si uongo mtupu. Kufunza Kiingereza kama lugha ya kigeni ni kazi ambayo tangu hapo haikufungiwa wasio na shahada. Mnamo 1962, John Haycraft na mkewe Brita walianzisha jijini London kozi fupi ya kuwaandaa walimu wa aina hiyo. Kozi hiyo ndiyo iliyozaa CELTA, cheti ambacho leo husimamiwa na Cambridge. Anayetaka kujiunga hahitaji shahada. Hutakiwa awe ametimiza umri wa miaka 18, awe na elimu ya kumwezesha kuingia chuoni, na Kiingereza cha hali ya juu kinachopimwa kwa mahojiano na zoezi la kuandika. Masomo huchukua takriban saa 120, na kila mkurufunzi hufunza darasa la watu halisi kwa jumla ya saa 6 huku mwalimu wake akimtazama na kumkosoa.

Saa hizo 6 ndizo za kuulizia kabla ya kulipia kozi yoyote. Vyeti vya mtandaoni navyo huandikwa "saa 120", lakini vingi hutolewa kwa mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya mwanafunzi hata mmoja. Hakuna chombo kimoja ulimwenguni kinachodhibiti kozi hizi, hivyo kusema kuwa kozi "imeidhinishwa" hakuna uzito hadi ijulikane ni nani aliyeidhinisha.

Hata hivyo, aliyefuzu vyema katika kozi bora bado hukabiliwa na kizingiti kingine, na hapa ndipo wengi huteleza. Katika nchi nyingi, anayedai shahada si mwalimu mkuu wa shule bali ni afisa wa uhamiaji. Mwalimu mgeni huhesabiwa kuwa mtaalamu, na njia nyepesi ya karani kumpima mtaalamu asiyemfahamu ni karatasi ya chuo kikuu. Shule yaweza kumpenda mtu, ikavutiwa na ufundi wake darasani, na bado ishindwe kumpatia kibali.

Korea Kusini ni mfano mzuri. Viza yake ya walimu wa lugha, iitwayo E-2, hudai shahada ya kwanza, na kwa kawaida hupewa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo, ijapokuwa Katiba ya 2010 inatambua Kiingereza kuwa lugha rasmi sambamba na Kiswahili. Mkenya mwenye shahada ya uzamili hugonga ukuta ule ule anaougonga asiye na shahada yoyote. China nayo, tangu mfumo wake mpya wa vibali uanze kutumika kote nchini humo Aprili 2017, huhitaji shahada. Vietnam hutaka shahada pamoja na cheti cha ualimu. Nchini Thailand, baraza la walimu liitwalo Khurusapha hudai shahada kabla ya kutoa leseni, na wasiotoka katika nchi zinazohesabiwa kuwa za wazawa wa Kiingereza huongeza matokeo ya mtihani kama TOEIC au IELTS.

Cambodia kwa muda mrefu imejulikana kwa masharti nafuu kuhusu shahada. Lakini mishahara huko kwa kawaida ni midogo, na nchi hiyo ni miongoni mwa zile ambako magenge ya ulaghai wa mtandaoni yamejenga makao. Si jambo la kupuuzwa. Mnamo 2022, serikali ya Kenya ilitoa tahadhari kuhusu kazi bandia baada ya vijana walioahidiwa ajira nchini Thailand kujikuta Myanmar, wakilazimishwa kutapeli watu kupitia kompyuta. Mapema 2025, Wakenya walikuwa tena miongoni mwa maelfu ya raia wa kigeni waliotolewa katika kambi za aina hiyo.

Ajabu ni kwamba watafutaji kazi hukodolea macho Asia na kusahau majirani. Rwanda iliamua mnamo 2008 kuacha Kifaransa na kufunza kwa Kiingereza shuleni, na ikajikuta na walimu wengi wasioimudu lugha hiyo. Sudan Kusini ilifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ilipojipatia uhuru mnamo 2011. Burundi nayo ilikiongeza katika lugha zake rasmi mnamo 2014. Huko, stashahada ya ualimu na miaka michache ya kufunza Kenya ni jambo linaloeleweka na mwajiri. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haikufuta vibali; kila nchi iliorodhesha kazi ilizofungulia raia wa nchi wanachama. Tanzania, kwa mfano, ilipitisha mnamo 2015 sheria maalumu ya kudhibiti ajira za wageni.

Wapo pia wanaoanza kwa kufunza mtandaoni bila kuondoka nyumbani. Soko la watoto wa China liliporomoka Julai 2021, serikali ya nchi hiyo ilipopiga marufuku kuajiri walimu wanaoishi nje kwa masomo hayo. Tovuti zinazofunza watu wazima zimesalia, na baadhi hazidai shahada, ingawa ushindani ni mkali na nyingine huchukua malipo yote ya somo la kwanza la majaribio.

Kwa anayeazimia kusafiri, ni heri aulize ubalozi wa nchi husika, si wakala, ni aina gani ya viza inayomruhusu kufunza na ni masharti gani yanayoambatana nayo. Wakala mwenyewe anaweza kukaguliwa katika orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na ni vyema kuangalia kama usajili wake haujaisha. Mkataba usomwe kabla ya kulipa chochote, na jina la shule liwe lile lile litakaloandikwa kwenye kibali. Wakala akisema, "Ingia kwa viza ya utalii, mengine tutayamaliza huko," mwalimu ndiye atakayetozwa faini na kufukuzwa nchini humo iwapo atanaswa, si wakala aliyebaki Nairobi.