Kongamano la kubadilika: ushuhuda na kipimo

Juni 2013, mjini Irvine, California, waliofika kwenye kongamano la kila mwaka la Exodus International walisikia kwamba shirika lenyewe linafungwa. Tangu 1976 Exodus ilikuwa mwamvuli wa huduma za Kikristo zilizowaambia waumini wenye mvuto wa kimapenzi kwa watu wa jinsia yao kwamba wanaweza kubadilika. Rais wake, Alan Chambers, aliwaomba radhi hadharani walioumizwa. Mwaka uliotangulia alikuwa amekwisha kukiri kwamba asilimia 99.9 ya watu aliokutana nao, kwa makadirio yake mwenyewe, mvuto wao haukubadilika.

Basi kwa nini kumbi zilijaa kwa miaka yote ile? Kwa sababu makongamano ya aina hii yaliunganisha vitu viwili ambavyo kila kimoja kina nguvu yake: mhadhara wa mtaalamu na ushuhuda wa aliyeokoka. Mtaalamu alieleza chanzo cha mvuto, shahidi akaonyesha matokeo.

Chanzo kilichohubiriwa sana kilikuwa nadharia ya Joseph Nicolosi, mwanasaikolojia Mkatoliki aliyeshiriki kuanzisha mwaka 1992 NARTH, chama kilichotetea tiba ya kubadilisha mvuto: mvulana aliyekosa ukaribu wa baba hukua akiutafuta kwa wanaume wengine. Wazazi wangapi walitoka ukumbini wakijilaumu, hakuna aliyewahesabu. Hata pale baba anapokuwa kweli yuko mbali na mwanawe, bado hujajua kipi kilitangulia. Huenda baba ndiye aliyejitenga baada ya kuona mtoto wake hafanani na wenzake.

Ushuhuda ni mgumu zaidi kuupima, na sisemi mashahidi walidanganya. Anayesema "nimebadilika" anaweza kumaanisha kwamba ameacha tendo, au kwamba hajiiti tena shoga, au kwamba mvuto wenyewe umehama. Mambo mawili ya kwanza yamo katika uwezo wa mtu. La tatu ndilo ambalo tiba hiyo ilikuwa ikiliuza. Tena jukwaani hupanda waliofaulu. Walioshindwa hubaki nyumbani, na hakuna anayewapigia simu.

Kasoro hiyohiyo ilimnasa hata Robert Spitzer, daktari wa akili aliyekuwa mstari wa mbele mwaka 1973 ushoga ulipoondolewa kwenye orodha ya magonjwa ya akili ya Marekani. Mwaka 2003 alichapisha utafiti wa watu 200 waliohojiwa kwa simu, akahitimisha kwamba baadhi yao walibadilika. Wengi aliwapata kupitia huduma kama za Exodus na kupitia NARTH, na kipimo kilikuwa kauli yao wenyewe. Mwaka 2012 aliandika barua ya kuomba radhi, akikiri kwamba hakuwa na njia ya kujua kama maelezo yale yalikuwa sahihi.

Stanton Jones na Mark Yarhouse, wanasaikolojia Wakristo wahafidhina, walijitahidi zaidi: waliwafuatilia watu 98 wa huduma za Exodus kwa miaka kadhaa. Matokeo ya mwisho yalihusu watu 61 tu. Kati ya hao, asilimia 23 walihesabiwa kuwa wamebadilika, na asilimia 30 kuwa wanaishi kwa kujizuia. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba hata miongoni mwa waliobadilika, mvuto wa zamani haukufutika kabisa. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipopitia tafiti mwaka 2009 kilikuta kwamba ushahidi hautoshi, na kwamba baadhi ya waliopitia tiba hizo waliripoti sonona na mawazo ya kujiua.

Machi mwaka huohuo, mafundisho hayo yalifika Kampala. Kwenye semina ya siku tatu walizungumza Wamarekani watatu, mmoja wao mjumbe wa bodi ya Exodus. Mwezi Oktoba mswada uliopendekeza adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa ya ushoga ukafikishwa bungeni Uganda. Mswada ule ulikuwa na wazazi wengi, lakini Waganda waliofundishwa kwamba mtu huamua tu kubadilika walikuwa wamekwisha kuandaliwa kumwona asiyebadilika kuwa mkaidi. Barua ya Spitzer, ilipotoka miaka mitatu baadaye, haikufanyiwa semina Kampala.

Kipimo hiki cha kudai ushahidi hakina upande. Mwaka 2024 ripoti ya daktari Hilary Cass nchini Uingereza ilikuta ushahidi dhaifu pia kuhusu dawa za kuzuia balehe kwa watoto wanaosumbuliwa na utambulisho wao wa kijinsia, na hapo walioghadhibika walikuwa wengine.

Wahafidhina nao wamegawanyika. Yarhouse na mwenzake Warren Throckmorton walitunga mwongozo wa unasihi ambao hauahidi kuhamisha mvuto: mteja anasaidiwa kupanga maisha kulingana na imani anayoichagua mwenyewe. Mwaka 2018 kongamano la Revoice, mjini St. Louis, liliwakusanya Wakristo wanaokiri mvuto wao waziwazi na bado wanashika fundisho la zamani la ndoa, wengi wao wakiishi useja. Walishambuliwa vikali, na sehemu kubwa ya mashambulizi ilitoka kwa wahafidhina wenzao, ambao kwao kukiri kwamba mvuto hauondoki kulifanana mno na kukata tamaa juu ya neema.