Subaru kuukuu ya turbo yahitaji oili na belti kabla ya mbwembwe

MTU anaponunua Subaru Impreza WRX ya miaka ya tisini au ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, pesa anazomkabidhi muuzaji huwa ni sehemu tu ya gharama. Sehemu iliyosalia huishia gerejini. Namna anavyoitumia katika mwezi wa kwanza ndiyo huamua iwapo injini itadumu, au itamfia barabarani kabla hajamaliza kulipa mkopo wa Sacco.

Mapenzi ya Wakenya kwa gari hili hayakuzuka hivi hivi. Colin McRae alishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1997 akiendesha Impreza, naye Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka wa 2000. Watoto waliosimama kando ya barabara wakila vumbi siku hizo ni watu wazima sasa, tena wana mishahara. Mbio hizo ziliporejea katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021 huko Naivasha, maegesho yalijaa magari hayo ya zamani, mengi yakiwa yamepakwa rangi ya samawati na kuwekwa magurudumu ya rangi ya dhahabu.

Hata hivyo, sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Hii ina maana kwamba Impreza ya enzi hizo haiwezi kuagizwa leo kutoka Japani. Inayouzwa ni ile iliyokwisha kuwa hapa kwa miaka mingi, yenye nambari ya usajili inayoanza kwa KA au KB, na ambayo imepita mikononi mwa watu wanne au watano. Baadhi yao waliitunza. Wengine waliikimbiza usiku na kuirejesha nyumbani ikinuka klachi. Muuzaji hatamweleza mnunuzi kuhusu hao wa pili.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza ni kwamba jambo lisilo na ushahidi wa risiti lihesabiwe kuwa halijafanywa. Mita ya kilomita kwenye dashibodi si ushahidi, kwani ni rahisi kuirudisha nyuma.

Kazi ianze kwa oili. Gari lililonunuliwa jana libadilishwe oili leo, pamoja na filta yake, hata kama muuzaji ameapa kwamba alibadilisha wiki iliyopita. Injini ya WRX ina silinda nne zilizolala ubavuni, mbili upande huu na mbili upande ule, na ina turbo ambayo mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mhimili huo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua, ikichakaa au ikichanganyika na uchafu, turbo huumia mapema, na beringi za krenki hufuata. Hapo ndipo injini huanza kugonga, au "kunoki" kama wasemavyo mafundi, na gharama huruka kutoka maelfu hadi malaki ya shilingi.

Fundi mwangalifu haitupi filta ya zamani. Huikata, akaikunjua karatasi yake na kuitazama juani. Vipande vidogo vinavyometameta ni dalili kwamba beringi zinalika. Ni afadhali mwenye gari aijue habari hiyo akiwa gerejini kuliko akiwa katikati ya Salgaa.

Baada ya hapo, oili ibadilishwe kila kilomita 5,000. Anayeendesha katika misongamano ya Nairobi, ambako injini hunguruma saa nzima bila gari kusonga, asingoje hata kilomita hizo zitimie. Lakini lililo muhimu zaidi ni zoea la kuchomoa kijiti cha kupimia oili kila gari linapotiwa petroli, likiwa limesimama mahali tambarare. Injini hizi hula oili kidogo kidogo hata zikiwa nzima. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haifai kutegemewa, kwa kuwa inapowaka madhara huwa yamekwisha kuanza. Aidha, baada ya mwendo wa kasi au mlima mrefu, dereva aendeshe polepole mwishoni mwa safari au aiache injini ingurume kwa dakika moja hivi kabla ya kuizima, ili turbo ipoe ikiwa bado inapata oili.

Jambo la pili ni belti ya taimingi, na hapa ndipo wanunuzi wengi huponzwa na ubahili. Belti hii ya mpira huunganisha krenki na kamshafti nne zinazofungua na kufunga valvu. Pia ndiyo inayozungusha pampu ya maji. Katika injini ya WRX, belti ikikatika au ikiruka meno, valvu hugongana na pistoni. Haina mlio wa kuonya. Gari huzima ghafla, na dereva anapojaribu kuliwasha tena huzidi kuharibu.

Umbali unaotajwa na mtengenezaji hutofautiana kulingana na mwaka na soko la gari, na kilomita 100,000 ndicho kiwango kinachotajwa mara nyingi. Lakini mpira hauzeeki kwa kilomita pekee. Belti iliyokaa miaka kumi huwa imechoka hata kama gari lilikuwa likienda kanisani Jumapili tu. Baadhi ya gereji za Japani hubandika kibandiko karibu na injini kuonyesha ni lini belti ilibadilishwa na kwa kilomita ngapi. Mwaka ulioandikwa hapo huenda ukawa wa kalenda ya enzi za kifalme: mwaka wa 18 wa Heisei, kwa mfano, ni 2006. Mnunuzi anayefurahi kuona kibandiko hicho ahesabu kwanza.

Belti isibadilishwe peke yake. Kuna vigurudumu kadhaa vinavyoiongoza, kifaa cha kuikaza, na pampu ya maji. Mara nyingi ni beringi ya kigurudumu kimoja inayokwama na kuikata belti ambayo bado ilikuwa mpya. Kwa kuwa kazi ya kufungua na kufunga ni ile ile, anayeacha pampu kuukuu ndani ili kuokoa shilingi elfu chache huenda akalipia kazi hiyo mara mbili. Tena fundi awe anaijua injini hii. Kwenye gia ya krenki kuna mshale unaoonekana wazi kabisa, nao umewapotosha mafundi wengi, kwa sababu alama ya kupangia belti si mshale huo bali ni mstari mdogo ulio ukingoni. Fundi asiyejua tofauti hiyo hafai kuaminiwa kazi hii, hata akiwa hodari wa injini nyingine.

Hali ya hewa na mazoea ya gereji za hapa nchini huongeza tatizo la tatu, la joto. Magari mengi yamejazwa maji ya mfereji badala ya kulanti. Maji hayo huleta kutu ndani ya injini na kuziba njia nyembamba za rejeta. Isitoshe, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na katika kimo hicho maji ya wazi huchemka kwa takriban nyuzi 94, wala si 100. Kinachozuia maji ya injini kuchemka ni msukumo unaohifadhiwa na kifuniko cha mfumo huo. Kifuniko kilicholegea ni kitu cha bei ndogo, lakini kinaweza kuiangamiza injini nzima.

Kuna mafundi ambao, gari likipata joto, huondoa thamostati na kuitupa. Si tiba. Injini isiyo na thamostati hukawia kufikia joto lake la kufanyia kazi, hunywa petroli nyingi na kulika haraka, huku tatizo lenyewe likiwa palepale. Mnunuzi aulize iwapo ipo, na kama haipo airudishe. Kulanti inapojazwa itiwe polepole kupitia chombo kilicho juu zaidi ya injini, maana hewa ikinaswa ndani ya injini iliyolala namna hii, joto hupanda upande mmoja bila mita kuonyesha. Vipovu vinavyoendelea kutoka katika chupa ya maji hata baada ya hewa kutolewa ni dalili kwamba gasketi ya hedi imepasuka.

Oili, belti na kulanti havionekani na mtu aliyesimama kituoni, na pengine ndiyo sababu wengi huviruka. Badala yake pesa za kwanza hununua bomba kubwa la moshi na valvu ya turbo inayotoa ule mlio wa kupiga chafya. Inafaa kueleza kwa nini mapambo hayo ni hatari kwa injini ambayo haijakaguliwa.

Bomba la moshi lililo wazi zaidi huiwezesha turbo kuzunguka kwa urahisi, hivyo msukumo wa hewa huweza kupita kiwango ambacho kompyuta ya gari ilipangiwa. Hewa ikizidi petroli, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na joto ndani ya silinda kupanda kupindukia. Pistoni huvunjika kwenye kingo zinazoshika ringi. Magari yaliyotengenezewa soko la Japani yana hatari ya ziada, kwani yalipangiwa petroli bora ya huko ambayo kwa kawaida hufikia oktani 98 hadi 100, ilhali petroli ya super inayouzwa katika vituo vingi nchini iko chini ya hapo. Mwenye gari la aina hiyo atumie petroli bora zaidi anayoweza kuipata, na asiongeze nguvu yoyote kabla ya kompyuta kupangwa upya na mtu aliye na vifaa vya kupimia mchanganyiko huo.

Ile valvu ya chafya nayo humwaga nje hewa ambayo sensa imekwisha kuihesabu. Kompyuta hutia petroli ya hewa ambayo haipo tena, na kila gia inapobadilishwa moshi mweusi hutoka. Ni kelele ya kulipia, ingawa haikosi washabiki.

Magurudumu yanahitaji maelezo ya peke yake, kwa kuwa Impreza ya turbo huendeshwa na magurudumu yote manne wakati wote. Mkenya wa kawaida hununua tairi mbili mwezi huu na mbili akipata pesa. Katika gari hili hilo ni kosa. Tairi mpya ni kubwa kidogo kuliko iliyolika, na tofauti hiyo huifanya difu ya katikati ifanye kazi bila kupumzika hadi ichemke na kuharibika. Tairi zote nne ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na zimelika sawasawa. Pia zisomwe tarehe: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Kwa sababu iyo hiyo, gari likiharibika lisivutwe likiwa limeinuliwa magurudumu mawili tu. Libebwe juu ya lori.

Oili ya giaboksi, ambayo katika gari la gia za mkono huhudumia pia difu ya mbele, imwagwe na kubadilishwa, vivyo hivyo na ya difu ya nyuma. Maji ya breki hunyonya unyevu hewani na yanapaswa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Katika mteremko wa Mai Mahiu, maji yaliyozeeka huchemka na pedali ikazama hadi chini. Kuhusu kutu, matao ya magurudumu ya nyuma yaguswe kwa mkono, hasa kwa gari lililokaa Mombasa au lililotoka Uingereza, ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi.

Kabla ya haya yote, au mara tu baada ya kubadilisha oili, fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne. Kinachotafutwa ni usawa. Silinda tatu zikilingana na ya nne ikawa chini sana, mnunuzi ajue kwamba injini itafunguliwa, na asitumie hata senti kwa kitu kingine hadi hapo. Kuziondoa plagi ni kazi ya jasho, kwa vile zimetazama pembeni karibu na chuma cha ubavu wa gari, na ndiyo sababu kipimo hiki hurukwa mara nyingi.

Ikiwa injini imekwisha, wengi hukimbilia Grogan au Eneo la Viwandani kutafuta nyingine iliyotumika Japani. Injini hiyo nayo haina historia inayojulikana. Ingali chini sakafuni, na kabla haijafungwa ndani ya gari, ndio wakati rahisi na wa bei nafuu kabisa wa kuibadilishia belti, pampu ya maji na vizuizi vya oili. Muuzaji atoe risiti iliyo na nambari ya injini, kwani nambari hiyo huandikwa katika kitabu cha umiliki wa gari na sheria humtaka mwenye gari aijulishe mamlaka ya usafiri NTSA inapobadilika. Mnunuzi wa gari lililotumika naye asome nambari iliyo kwenye injini na kuilinganisha na ya kitabu kabla ya kulipa, maana zisipolingana ni yeye, wala si muuzaji, atakayejieleza kwa polisi.